Kitabu cha Vitone Hakirushi Ndege

Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Ishihara kila mtu huusoma. Ni namba 12, imepangwa kwa vitone vya rangi ya machungwa katikati ya vitone vya kijivu, na imewekwa hapo makusudi: asiyeisoma ama hajui namba, ama anadanganya. Ukurasa wa pili ndio wenye meno. Mwenye macho ya kawaida huona 8. Mwenye hitilafu ya kutofautisha nyekundu na kijani huona 3, na huiona waziwazi kabisa, kwa hiyo huitaja kwa sauti ya mtu anayejiamini. Daktari anaandika kitu kwenye fomu. Kurasa chache mbele, 29 imegeuka 70, na 74 imegeuka 21. Dakika mbili hazijaisha, na urubani wa kijana aliyekuwa akikimbilia nje kila akisikia mlio wa ndege umekwisha.

Nasema hivi, na niko tayari kulisema mbele ya kamishna yeyote wa anga: kitabu hicho hakina sifa ya kumfungia mtu anga peke yake. Mamlaka inayokiachia uamuzi huo imekwepa kazi inayolipwa kuifanya.

Wale wa “usalama kwanza” wasinirukie kabla sijamaliza. Rangi angani si mapambo. Ncha ya bawa la kushoto ina taa nyekundu, ya kulia ina ya kijani, mkiani kuna nyeupe, na usiku kwa taa hizo rubani hujua kama ndege iliyo mbele yake inamjia au inamwacha. Mwanzo wa njia ya kurukia una taa za kijani, mwisho wake nyekundu, na kingo za njia za kuelekea kwenye maegesho zina buluu. Redio ikifa, mnara humsemesha rubani kwa taa: kijani iliyotulia, tua, nyekundu iliyotulia, mpishe mwenzako uendelee kuzunguka, nyekundu inayomweka, uwanja si salama, usitue. Mtu anayezichanganya hizo ni hatari, na mimi nisingempandisha mama yangu kwenye ndege yake.

Ninachouliza ni kama kitabu cha vitone kinapima hayo. Hakipimi.

Tuanze na kanuni yenyewe, kwa sababu wengi wanaoitaja hawajaisoma. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, linamtaka mwombaji aonyeshe kwamba anatambua bila tabu rangi ambazo utambuzi wake unahitajika ili kazi yake ifanyike kwa usalama. Basi. Rangi za kazi, si rangi zote za duniani. Vitone vinaingia kama chujio la kwanza. Anayevishindwa bado anaweza kupewa cheti cha afya, iwapo kipimo kingine kitaonyesha kwamba anatofautisha rangi zinazotumika katika urushaji na anazitaja sawasawa taa za anga. Akishindwa hata hapo, bado upo uwezekano wa cheti cha daraja la pili chenye sharti la kuruka mchana tu, katika hali ya hewa inayoruhusu kuona. Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wa shirika hilo na kanuni zao za leseni zimejengwa juu ya kiambatisho hicho hicho. Kwa hiyo siku ofisa atakapokwambia “kanuni za kimataifa zinakataza”, mwombe akuonyeshe kifungu. Utamwona akianza kupekua droo.

Shinobu Ishihara mwenyewe sina ugomvi naye. Alikuwa daktari wa macho aliyefanya kazi na jeshi la Japani, na mwaka 1917 alichapisha majedwali yake, yakaenea dunia nzima kwa sababu ni rahisi, ni mepesi kubeba, na kwa kazi yaliyotengenezewa ni hodari mno: kumbaini haraka mwenye hitilafu ya nyekundu na kijani. Kukubaini ndiko anakoishia. Hawezi kukwambia hitilafu hiyo ni kubwa kiasi gani, na hapo ndipo pana tofauti ya kufa na kupona.

Jicho la kawaida lina aina tatu za vipokezi vya rangi. Kuna mtu ambaye aina moja haipo kabisa, na kuna mwingine anazo zote tatu ila moja imeegemea kidogo upande wa jirani yake. Wa kwanza anaishi katika ulimwengu wenye rangi chache sana. Wa pili anaweza kufika miaka arobaini bila kujijua, akachagua nyanya sokoni, akaendesha gari, akavaa tai inayoendana na shati. Wapo pia ambao nyekundu kwao hufifia, ikawa kama taa iliyopungukiwa na betri, na wapo ambao nyekundu hung’aa kama kawaida, tabu yao ni kuitenga na kijani tu. Hitilafu hizo hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ndiyo maana huwashika wanaume zaidi: kwa watu wenye asili ya Ulaya ni kama wanaume 8 katika kila 100, na mwanamke mmoja katika 200. Kwetu Afrika tafiti huonyesha viwango vya chini zaidi, lakini vipo. Kijana hupewa na mama yake, ambaye mara nyingi anaona rangi zote vizuri na hajui kwamba amebeba chochote. Kitabu kinawachukua watu wote hao, mzito na mwepesi, anayefifiwa na asiyefifiwa, na kuwapiga muhuri mmoja. Kumpima rubani kwa vitone ni kumpima mvuvi uogeleaji ndani ya karai.

Hata hicho kidogo kinachoweza kupimwa na kitabu, nani anakipima ipasavyo? Masharti yake yanajulikana. Kisomwe kwa mwanga wa mchana au taa iliyotengenezwa kuuiga, kiwe umbali wa kama sentimeta 75 kutoka kwenye macho, kikabili uso moja kwa moja, jibu litoke ndani ya sekunde tatu, kurasa zisiguswe kwa vidole, na kikishatumika kifungwe kisichujuke. Nimewahi kukaa katika chumba cha uchunguzi, sitasema cha nani wala mji gani, nikatazama. Taa ya dari ilikuwa ya njano, ile inayofanya karatasi nyeupe ionekane kama imechovywa kwenye chai. Pazia la kijani limefungwa kuzuia jua. Kitabu kilikuwa wazi mezani, na inaelekea kilikuwa wazi tangu asubuhi. Kwenye kurasa mbili tatu kulikuwa na njia ya mafuta ya vidole, ikifuata umbo la namba, kana kwamba watahiniwa waliotangulia wameacha ramani. Muuguzi alikuwa akigonga ukurasa kwa kalamu: “Soma. Haya, soma. Hii je?” Mwanga wa namna hiyo unaweza kumfaulisha wa kushindwa na kumwangusha wa kufaulu. Na kumbuka kwamba hata mwenye macho kamili huweza kukosea ukurasa mmoja au miwili. Masharti ya Ulaya yanataka majedwali 15 ya mwanzo ya toleo la kurasa 24 yasomwe bila kosa hata moja; fikiria kudaiwa ukamilifu huo chini ya balbu ya chumba cha kulala.

Halafu kuna lile ambalo kila mwanafunzi wa urubani analijua na kila mtahini anajifanya halijui. Majibu ya kitabu hiki yamezagaa mtandaoni. Namba ni zile zile tangu enzi za babu zetu, na kijana mwenye simu na wiki moja ya kukesha anaweza kuzikariri zote, hata zikichanganywa. Waswahili husema mficha uchi hazai. Hapa tumeupindua usemi: anayeficha ndiye anayezaa, anapata cheti, anapata kazi, anavaa mabega yenye mistari, anayesema kweli ndiye anayerudishwa nyumbani. Kipimo kinachomlipa mwongo na kumwadhibu mkweli, halafu kinaitwa cha usalama! Ningekuwa abiria, na mimi ni abiria, ningeogopa zaidi yule aliyekariri kuliko yule aliyekuja akasema, “Daktari, hapa naona 3, nipime zaidi.”

Na si vijana tu wanaopita kwenye tundu hilo. Kitabu kiliandaliwa kukamata hitilafu ya nyekundu na kijani. Upande wa buluu na njano hakiuoni. Lakini hitilafu nyingi zinazokuja ukubwani, kwa kisukari, kwa presha ya macho, mara nyingi huanzia upande huo huo. Iko pia dawa ya kifua kikuu iitwayo ethambutol, inayotumika sana katika nchi zetu, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa hudhuru mshipa wa fahamu wa jicho na kuvuruga uoni wa rangi. Nahodha wa miaka 55 mwenye sukari iliyopanda anafungua kitabu, anasoma 12, 8, 29, 74, anakwenda zake. Kijana wa miaka 19 mwenye hitilafu nyepesi asiyewahi kukosa taa ya barabarani anarudishwa. Huo ndio ulinzi tunaojivunia.

Asili ya mkasa huu wote iko relini. Usiku wa Novemba 1875, treni mbili ziligongana Lagerlunda, Sweden, watu tisa wakafa. Profesa wa Uppsala, Frithiof Holmgren, akajenga hoja kwamba huenda ishara ya taa ilisomwa vibaya na mtu asiyeona rangi, na kwa mafungu yake ya nyuzi za sufu za rangi mbalimbali akawashawishi wakuu wa reli waanze kuwapima wafanyakazi. Dereva alikuwa amekufa katika ajali hiyo. Macho yake hayakupimwa wala yasingeweza kupimwa tena. Watafiti walioichambua kesi hiyo upya katika karne hii wameona ushahidi wake ni dhaifu. Lakini hofu ilishapanda treni, ikashuka ikapanda meli, na mwaka 1919, mataifa yalipokutana Paris kuandika sheria za kwanza za anga ya kimataifa, ikapanda ndege pamoja na vipimo vingine vya afya. Wakati huo rubani aliketi upepo ukimpiga usoni, hana redio, anaongozwa kwa fataki na bendera. Leo moto wa injini huja na taa nyekundu, kengele, na maandishi kwenye skrini, mahali pale pale kila mara. Mambo mengi ndani ya ndege yamebadilika. Vitone havijabadilika.

Wapinzani wangu wana kesi moja nzito, nami nitaileta mwenyewe. Alfajiri ya tarehe 26 Julai 2002, Boeing 727 ya mizigo ya FedEx, safari namba 1478 kutoka Memphis, iligonga miti na kuanguka ilipokuwa ikikaribia njia namba 9 ya uwanja wa Tallahassee, Florida. Watu watatu waliokuwemo waliumia vibaya, wakanusurika. Aliyekuwa akiirusha ni rubani msaidizi, na alikuwa na hitilafu ya rangi. Kando ya njia hiyo kuna taa nne za PAPI. Kila moja hutoa mwale uliogawanyika, juu mweupe na chini mwekundu. Ukiziona nyeupe mbili na nyekundu mbili, uko kwenye mteremko sahihi. Zote nyeupe, uko juu mno. Zote nyekundu, unakwenda kugonga kilicho chini yako. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, NTSB, iliitaja hitilafu ya rubani huyo kuwa miongoni mwa yaliyochangia ajali.

Haya, tuisome orodha yote, maana wengi huishia kwenye mstari wanaoupenda. Chanzo kilichotajwa ni nahodha na rubani msaidizi kushindwa kuiweka ndege kwenye mteremko sahihi. Yaliyochangia: uchovu wa wote wawili, kutofuata taratibu za kampuni, nahodha na mhandisi wa ndege kutofuatilia utuaji, na hitilafu ya rangi ya rubani msaidizi. Ndani ya chumba kile kulikuwa na jozi tatu za macho, na jozi mbili hazikutiwa dosari yoyote ya rangi. Taa zilikuwa zikiwaka nyekundu mbele ya wote.

Lakini sitajificha nyuma ya uchovu, kwa sababu kesi hii inauma pande zote. Rubani msaidizi yule hakupita kwa mlango wa uani. Alikuwa na hati rasmi ya msamaha, aliyoipata baada ya kufaulu kipimo cha taa ya mnara: unasimama, unamulikwa kijani, nyekundu, nyeupe, unataja. Alizitaja. Kisha wakampeleka kwenye kazi inayomtaka, usiku, amechoka, atenge nyekundu na nyeupe zilizosongamana kwa mbali. Walimpima jambo moja wakampa kazi nyingine. Hilo ndilo kosa lile lile la vitone, safari hii limevaa nguo za vitendo. NTSB iliitaka mamlaka ya anga ya Marekani ifanye utafiti kujua vipimo vyake vya rangi vinachuja nini hasa. Zaidi ya miaka 120 baada ya Lagerlunda, ndipo wanaulizana kinachopimwa!

Waingereza waliulizana swali hilo kwa bidii zaidi. Mwaka 2009 mamlaka yao ya anga, pamoja na watafiti wa City University jijini London wakiongozwa na Profesa John Barbur, walitoa ripoti ambayo kila daktari wa marubani Afrika Mashariki angepaswa kuwa nayo mezani. Walifanya kile ambacho akili ya kawaida ingedai tangu 1919: walikwenda kutafuta ni wapi, katika kazi ya rubani, rangi peke yake hubeba ujumbe bila msaada wa umbo, mahali, sauti wala maandishi. Wakakuta PAPI ndiyo kazi ngumu na ya hatari kuliko zote. Wakaiiga maabarani, wakawaketisha wenye macho ya kawaida na wenye hitilafu, wakalinganisha. Sambamba na hilo wakatumia kipimo cha kompyuta kiitwacho CAD: mraba wenye rangi hafifu hukatiza juu ya uwanja wa vijiraba vya kijivu vinavyochezacheza, nawe unabonyeza kuonyesha umeelekea wapi. Hakuna namba ya kukariri. Kompyuta inapunguza rangi mpaka unaipoteza, na hapo inajua jicho lako linaishia wapi. Jicho la kawaida la kijana ni kizio 1. Kwa hitilafu ya upande wa kijani, waliona kwamba hadi vizio 6 mtu anazisoma PAPI sawa na mwenye macho ya kawaida; kwa hitilafu ya upande wa nyekundu, hadi vizio 12.

Matokeo? Kama watu 35 katika kila 100 wenye hitilafu ya nyekundu na kijani wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa usalama ule ule. Watu 35. Hao wote kitabu kinawaangusha. Na wale 65 waliobaki, ambao kweli hawafai kwa kazi hiyo, miongoni mwao mkariri mmoja mzuri anapenya. Nani sasa anacheza na usalama, mimi au wao?

Marekani nayo imesalimu amri. Tangu tarehe 1 Januari 2025, mwombaji mpya wa cheti cha afya cha urubani huko hapimwi tena kwa kitabu cha vitone. Lazima kipimo cha kompyuta, kimojawapo kati ya vitatu vilivyoidhinishwa, na CAD ni kimoja. Sisemi kompyuta ni malaika. Ukiichukua mashine, ukaweka alama ya kufaulu bila kuifungamanisha na kazi yoyote, umejenga ukuta ule ule kwa vifaa vya bei ghali zaidi. Ubora wa kazi ya Waingereza hauko kwenye skrini. Uko kwenye vizio 6 na 12, namba zilizotoka kwenye taa halisi za uwanja wa ndege.

Na kabla ya wote hao kulikuwa na Australia. Arthur Pape, daktari na rubani mwenye hitilafu ya rangi, aliishtaki serikali yake mbele ya baraza la rufaa za kiutawala, na mwaka 1987 akapata haki ya kurusha ndege usiku. Hakuridhika na ushindi wa mtu mmoja. Akasukuma kesi ya mfano, ya Denison, iliyosikilizwa kwa marefu na mapana na kuamuliwa mwaka 1989. Wataalamu wa macho waliitwa, marubani waliitwa, kazi ya rubani ikachambuliwa kipande kwa kipande, na mamlaka ikashindwa kuthibitisha hatari iliyokuwa ikiihubiri. Tangu hapo Waaustralia wenye hitilafu za rangi wamerusha ndege usiku, wamebeba mizigo, wamebeba abiria, wengine wakaketi kwenye viti vya mashirika makubwa. Mvutano na mamlaka yao haukuisha, umerudi mara kwa mara. Mimi binafsi naona baraza lile lilifungua mlango mpana kidogo kuliko ningeufungua mimi. Ningeanza na kipimo cha Waingereza, kisha kwa anayeangukia mpakani nikampeleka angani na mtahini. Lakini zaidi ya miaka 30 ni muda wa kutosha. Mwenye ajali ya ndege ya abiria ya Australia iliyosababishwa na hitilafu ya rangi ya rubani aliyepewa ruhusa hiyo, ailete.

Sasa njooni nyumbani. Panda ndege ndogo ya Caravan asubuhi Arusha uende Seronera. Ukifika, njia ya kutulia ni changarawe. Taa za PAPI hakuna, taa za kijani za mwanzo wa njia hakuna, taa za aina yoyote hakuna, kwa sababu safari za namna hiyo ni za mchana. Kuna soksi ya upepo, na kuna punda milia. Rubani anapita chini mara moja kuwatimua, anazunguka, anatua, anashusha watalii, anapakia wengine, anaondoka kabla jua halijawa kali. Maasai Mara ni hivyo hivyo. Ndiyo kazi ya kwanza ya marubani wetu wengi chipukizi, na mtu anaweza kuifanya miaka mingi bila kuona taa ya PAPI hata moja. Lakini kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni ya biashara, na leseni ya biashara inahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Lile sharti la “mchana tu” limeandikiwa daraja la pili, yaani ruka na rafiki zako. Kwa hiyo kijana mwenye hitilafu nyepesi ananyimwa kazi ya mchana kwa hofu ya taa za usiku ambazo kazi hiyo haina.

Na usiniambie mikono imefungwa. Kiambatisho hicho hicho cha 1 kina kifungu kinachoiruhusu mamlaka ya nchi kutoa leseni kwa mtu asiyetimiza kipimo fulani cha afya, pale jopo la wataalamu litakaporidhika kwamba upungufu huo hautahatarisha usalama, likizingatia uwezo, ujuzi na uzoefu wake, na leseni ikaandikwa masharti yanayostahili. Kifungu hicho hakiishi Montreal, kwenye makao ya ICAO, tu. Kinaishi Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe. Kinahitaji jopo, kinahitaji daktari aliye tayari kuweka jina lake chini ya sentensi yenye neno “anafaa”, na hapo ndipo kigugumizi kinapoanzia. Kumkataa mtu hakujawahi kumfukuzisha ofisa kazi. Saini ya “hafai” haina kesi, haina kamati, haina gazeti. Ofisa anarudi nyumbani kwa amani, na gharama yote anaibeba mtu asiyemjua, kule ambako baba ameuza ng’ombe na mama amechukua mkopo wa kikundi.

Ninachodai hakihitaji Bunge. Mamlaka ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda zitangaze, kwa maandishi ambayo mzazi anaweza kuyasoma, ni kipimo gani kinafuata baada ya mtu kuangushwa na kitabu, kinafanyikia wapi, kwa shilingi ngapi, na ni alama ipi inayotenganisha anayefaa na asiyefaa. Mashine ya CAD ni kompyuta na skrini iliyorekebishwa vizuri. Nchi zinazonunua ndege mpya haziwezi kusema zimeshindwa kununua chache za kugawana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, pale Entebbe, ulioanzishwa ili nchi hizi ziwe na viwango vinavyofanana. Hili ni la kuanzia. Mahali ambapo kitabu kitabaki kama chujio, kiwe na taa yake maalumu, na anayekishika awe amefundishwa kutokigusa. Wakongwe wapimwe buluu na njano pia, hasa wenye kisukari na waliotibiwa kifua kikuu. Na mkweli anayejitaja mwenyewe awe na njia iliyoandikwa ya kupimwa zaidi, ili kukariri kusiwe ndiyo busara.

Wazazi, msingoje mamlaka. Mtoto akianza kusema anataka urubani, mpeleke kwa daktari wa macho mwenye vifaa kabla hamjajaza fomu yoyote, na akikutwa na hitilafu ombeni kiwango chake kwa namba, msikubali neno “ana upofu wa rangi” kama jibu kamili. Wengine watakutwa na hitilafu nzito na watalazimika kutafuta kazi nyingine. Heri walijue hilo wakiwa kidato cha nne.

Shule za urubani nazo nina neno nazo. Zipo zinazompokea mwanafunzi, zinampa sare, zinampiga picha kando ya Cessna, zinachukua ada ya muhula wa kwanza, ndipo zinamtuma akapimwe afya. Akirudi na karatasi ya “hafai”, anaonyeshwa mstari mdogo kwenye mkataba unaosema ada hairudishwi. Huo ni wizi wenye risiti. Mamlaka inayozipa vibali shule hizo inaweza kuukomesha kwa waraka mmoja: cheti cha afya kwanza, ada baadaye, na shule iliyochukua fedha kabla ya kuona cheti izirudishe zote ndani ya siku 30, hadi na za sare.